Maua ya Kuangalia Tu

Sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikumuuliza, na yeye hakunihesabu kuwa mtu wa kuambiwa. Kwa miaka kumi na sita tuligawana uzio mmoja wa matete katika cité, mtaa wa weusi, ya Élisabethville, mji huu ambao leo tunauita Lubumbashi, na kwa miaka yote hiyo nilimdharau. Nasema mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kutafuta maneno matamu ya marehemu. Tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani katika ofisi moja ya wazungu huko mjini. Yeye alitaka tumwite Musiye, yaani bwana kwa Kifaransa. Hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa watoto, nao walisema Musiye Maua, halafu wakakimbia.

Mimi nilikuwa mke wa fundi wa reli na muuzaji wa samaki wakavu. Samaki wangu walitoka Pweto, kwa ndugu zangu, ndani ya vikapu, na harufu yao yote. Harufu hiyo ilisomesha watoto wangu watatu. Karani aliposimama karibu na uzio alikuwa anatoa kitambaa mfukoni na kukiweka puani, polepole, ili nimuone vizuri.

Enzi zile kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba, kilikuwa na chakula. Mbele mahindi, pembeni lengalenga, mchicha wetu, nyuma sombe, kuku wakipita katikati. Sombe, kwa yule asiyeijua, ni majani ya muhogo: unayachuma machanga, unayatwanga, unayapika mpaka mtaa mzima unajua unakula nini. Mshahara wa wanaume uliisha kabla ya mwezi, sombe haikuisha. Na katika mtaa wetu hakuna aliyekuwa na sombe kama ya mke wa Karani, Mama Kalenga. Alikuwa na mkono, mama yule. Alichomeka kijiti ardhini leo, ukigeuka kimeota. Watoto watano aliwalisha na kile kipande cha udongo mwekundu, na sahani moja ilipita juu ya uzio ikaja kwangu.

Siku Karani alipoing'oa nilikuwa naanika samaki. Alifika kutoka ofisini, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akashika jembe. Tai hakuvua. Akaanza kung'oa shina moja moja na kuyarusha njiani kama takataka. Mama Kalenga akatoka mbio, mtoto mgongoni.

"Tata Kalenga, unafanya nini? Batoto batakula nini?"

"Nitapanda maua."

"Maua tutaweka mu nyungu?"

"Bazungu beko na maua mbele ya nyumba. Njo inaonyesha muntu wa akili. Weye utabaki mu pori mupaka lini?"

Nilishindwa kunyamaza. "Karani," nikamwambia juu ya uzio, "akili yako inakulyaka maua?"

Hakunijibu mimi. Alifuta jasho, akamwambia mke wake: "Ambia ule mama wa samaki, hii iko mambo ya lupango ya bantu ingine." Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nawaambieni, hatua nne.

Basi akapanda. Na niwe mkweli, kwa sababu dharau bila ukweli ni matusi tu: maua yalikubali. Mvua za kwanza zilipofika, kulikuwa na waridi na zinia za kila rangi, na kana ndefu zenye ndimi nyekundu. Katikati ya mvua zilifunguka dahlia, kubwa kama sahani ya chai. Kiangazi kilipoingia na vumbi likapaka mji mzima rangi moja, nguo, kuku na nyuso za watu, pale kwa Karani kulisimama mti mmoja wa majani mekundu mwezi wa sita, mwekundu kabisa, kama mtu amesahau kuuambia kwamba ni kiangazi. Kila asubuhi nikienda robine kuchota maji nilipita upande ule wa njia. Ulikuwa upande wa karibu zaidi, ndivyo nilivyomwambia mume wangu.

Maji, hayo nayo ni habari. Robine ilikuwa moja kwa mtaa, na kiangazi tulipanga ndoo tangu alfajiri. Sisi tulichota maji ya kunywa na kupika. Mama Kalenga alichota maji ya kunywa, ya kupika na ya dahlia. Alirudi mara sita, mara saba, na mimba ya mtoto wa sita, na Karani akisimama mlangoni kumwonyesha kwa kidole ua gani lina kiu. Yeye mwenyewe ndoo hakugusa. Alisema mikono ya karani ni ya kalamu.

Saa kumi kamili alasiri alitoa kiti nje. Kimoja. Alivaa kofia, akakunja mguu juu ya mguu, akaangalia. Ndiyo kazi yake hiyo mpaka jua lizame: kuangalia. Watu walipita wakamsalimu, "Jambo, Tata Karani," naye akainua kidole kimoja kutoka gotini, kama mtu anayefukuza nzi ambaye hamchukii sana. Mtoto akinyoosha mkono kugusa, alisema lile neno lake, ambalo mtaa mzima tulilijua na watoto wakalichezea: "Ya kuangalia, hapana ya kushika!" Hakupaza sauti. Alilisema kama padri anavyosema misa, akijua hamtaelewa.

Alikuwa na maneno mengine. "Maua ahina faida, njo maana iko ya bantu ya akili." Hilo alilisema siku mume wangu alipomuuliza kwa heshima kama asingepanda hata mstari mmoja wa maharage. Mume wangu akarudi nyumbani akicheka mpaka akakaa chini. Kwa wiki nzima, kila nikimwomba afanye kitu, alinijibu, "Aka, hiyo iko na faida, mi niko muntu wa akili."

Na wanyama! Huyu mtu ambaye binadamu walimchosha, wadudu alikuwa anawapokea kama wageni wa harusi. Kulikuwa na kandege kadogo, kenye mdomo uliopinda na kifua kinachong'aa kama mafuta juu ya maji, kalichokuja kunyonya zile kana. Karani alikuwa na daftari, anaandika saa kalipofika na saa kalipoondoka. Kalipojenga kiota mlangoni kwake, alikataza watoto wake kupita mlango wa mbele wiki nzima, wapitie nyuma, na wasicheke. Paka wangu alipokula makinda, Karani alilia. Nilimuona kwa macho yangu, machozi ya kweli, kitambaa kile kile cha kuzuia samaki wangu. Alipofiwa na mama yake hakulia. Alivaa koti jeusi na kusimama wima, akasema wazungu hawapigi kelele msibani.

Kinyonga pia. Sisi sote tunamwogopa kinyonga, na mtu mzima hamshiki. Karani alimweka juu ya mkono wa shati na kutembea naye kati ya maua, akimwonyesha rangi. Wanawake wakaanza kusema chini chini kwamba ni mulozi. Mimi niliwakatalia. Ulozi unataka moyo, na mtu ambaye anamwogopa msimamizi wa ofisi mpaka anapiga pasi kamba za viatu atamroga nani?

Alasiri moja, mvua ya kwanza ilipokatika, inswa walitoka. Ndio kumbikumbi, wenye mabawa, na mwaka ule walichagua shimo lao katikati kabisa ya zinia za Karani. Walipanda hewani kama moshi. Eh, mama! Mtaa mzima ulikuja na mabeseni, watoto, bibi, hata mlevi wa kona. Inswa ni nyama ya Mungu, hailipiwi. Karani alisimama mbele yetu amenyoosha mikono yote miwili.

"Mutaharibisha maua! Rudieni ku manyumba yenu! Hii iko chakula ya bashenzi!"

Tuliondoka na mabeseni matupu. Saa moja baadaye nikasikia harufu. Chumvi, mafuta, inswa kwenye kikaango. Nikachungulia kati ya matete: dirisha la Karani limefungwa, pazia limeshushwa, lakini pazia lilikuwa fupi. Alikuwa mezani, tai shingoni, anakula inswa kwa uma. Mmoja mmoja. Mama Kalenga alinipitishia bakuli lao juu ya uzio huku amebana midomo asicheke, na mimi nikacheka kwa niaba yetu wawili.

Sasa niwaambie kwa nini kudharau kwangu kuligeuka kuwa kitu kingine kibaya zaidi. Binti yangu Agnesi alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Wasichana wote walitakiwa kuwa na ua jeupe kichwani. Nikameza mate ya kiburi, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu, nikaenda kwa Karani saa kumi, akiwa kwenye kiti chake. Waridi jeupe lilikuwa limejaa.

"Tata Karani," nikasema, "nakuomba ua moja. Moja tu. Ya mutoto, juu ya komunyo."

Hakuinuka. "Ya kuangalia, mama. Hapana ya kushika."

"Ni ya Mungu, Tata."

"Mungu anayaona hapa hapa."

Nilirudi nyumbani nikakata ua la karatasi ya daftari. Lakini asubuhi ya siku yenyewe Mama Kalenga alinong'ona kwenye uzio, akanipa kitambaa kilichokunjwa, na ndani waridi jeupe lenye umande. Agnesi alipendeza kuliko wote, acheni nijisifu. Karani aligundua kijiti kilichokatwa kabla ya misa kuisha. Mwezi mzima hakumsemesha mke wake. Na mimi nikaweka deni lile moyoni, la mama yule na la baba yule, kila moja upande wake.

Halafu ikaja habari ya karte, yaani kadi. Wazungu walianza kutoa karte kwa weusi waliowaita watu walioendelea. Ukiipata unapita mjini bila kusumbuliwa na polisi, na unasemeshwa kwa heshima kidogo. Lakini kwanza komisyon, tume yao, inakuja nyumbani kwako: inaangalia vitanda, inaangalia sahani, inamwangalia mke wako kama amevaa viatu. Karani aliitamani karte ile kuliko uzima. Akasema nyuma ya nyumba pia pawe bustani. Nyuma ya nyumba ndipo Mama Kalenga alipokuwa amejibana na sombe iliyobaki, kando ya jiko.

Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, akiwa ameshika uzio. "Amesema akipata karte, atanirudishia nyuma yote. Ameapa. Mama Agnesi, uniombee apate."

"Unamwamini?"

"Udongo ni ule ule. Utaningojea."

Basi nililijua hilo. Msiseme baadaye kwamba sikujua.

Karani alikuwa ameona kwa mzungu mmoja mkubwa wa mgodi bustani yenye njia za kokoto za kijani. Mawe yenyewe ni yale ya mukuba, ya shaba, mazuri kweli, kijani kama jicho la paka. Kwa mzungu yalilazwa njiani, juu ya saruji. Karani aliona rangi tu. Alimwomba mtu wa mgodini, toroli zikaja moja baada ya nyingine kutoka upande wa machimbo ya Kinsevere, mawe na udongo wake, akayapondaponda na kuyamwaga kila mahali: njiani, kati ya waridi, chini ya dahlia, nyuma kote hadi mlango wa jiko. Mume wangu, ambaye ndugu yake alichimba mukuba miaka mingi, alimwita pembeni.

"Tata, pale mukuba iko, miti ahiotaka. Enda ku mugodi, utaona. Kunaotaka tu kale kaua kadogo ka buluu, basi."

"Weye unajua reli," Karani akamjibu. "Miye nasomaka vitabu."

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Ziliosha yale mawe vizuri sana, na kila kilichomo ndani yao kikashuka kwenye mizizi. Majani ya waridi yakageuka njano, kisha meupe. Dahlia zilitoa vichwa vya kitoto vikakauka. Mvua zilipoisha, kati ya kokoto kikaota kile kimmea cha maua ya buluu, kidogo, kimenyooka, bila kuitwa. Karani alikuwa anaking'oa kila alasiri. Kandege hakakuja tena. Yeye aliendelea kutoa kiti saa kumi, akakaa mbele ya vijiti. Ningeweza kumhurumia. Nilikuwa na samaki wa kugeuza.

Mvua za mwaka uliofuata zikaanza na waridi halikuamka. Ndipo barua ikafika: komisyon inakuja siku mbili baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Siku ile ya komisyon, kabla jua halijapanda, nilimuona Karani anarudi kwa baiskeli, gunia nyuma, suruali imelowa umande. Akaja moja kwa moja kwenye uzio wangu. Uso wake ulikuwa umemwishia damu.

"Mama Agnesi," akasema. Kwa mara ya kwanza si mama wa samaki. "Nisaidie beseni na maji."

Alifungua gunia. Maua! Waridi, maua meupe marefu, makubwa ya buluu, yote yamekatwa. Sikuhitaji kuuliza. Makaburi ya wazungu yalikuwa yamejaa maua tangu sikukuu.

"Karani! Umeiba mu makaburi, kwa bafu?"

"Bafu bahaangalie," akasema.

Nilikuwa na mabeseni mawili. Moja la kuogeshea watoto, limesuguliwa, liko juani. Lingine la kulowekea samaki. Niliyaangalia yote mawili. Nikakumbuka ua la karatasi nililomkatia Agnesi. Nikampa la samaki.

Alichomeka maua yale kwenye kokoto, moja moja, nyuma na mbele, mpaka lupango ikang'aa kama altare. Komisyon ilikuwa ije saa tatu asubuhi. Ikaja saa tisa alasiri, na jua la mwezi wa kumi na moja mnalijua. Wanaume wawili na madamu mmoja. Mama Kalenga alisimama mlangoni katika viatu vya kuazima, mikono mbele, watoto sita wamepangwa kwa urefu. Sisi majirani tulikuwa kwenye uzio kama ndege kwenye waya. Waliona vitanda, wakatikisa kichwa vizuri. Waliona vitabu, vizuri. Wakatoka nje, kwenye bustani. Maua yalikuwa yamelegea shingo, lakini bado yalikuwa maua, na madamu akafurahi. Akainama juu ya waridi jekundu kunusa.

Akarudisha kichwa nyuma. Akanusa tena, kama mtu asiyeamini pua yake. Kisha akalishika ua lile kwa vidole viwili ajue lina nini, nalo likatoka ardhini lote, bila mzizi, na gamba la samaki limeng'ang'ania majani. Waya ulikuwa bado umefungwa kwenye kijiti, na kwenye waya utepe mweusi wenye jina la marehemu kwa herufi za dhahabu. Madamu alisoma utepe. Akampa mwanamume wa kwanza, naye akasoma, akampa wa pili. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alifungua daftari akaandika kidogo sana, wakavaa kofia zao, wakaenda.

Majirani walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda. Nilicheka mpaka nikamuona Mama Kalenga. Alikuwa amevua vile viatu, amevishika mkononi, anaangalia nyuma ya nyumba, kwenye jiko.

Karte hakupata. Kazi hakufukuzwa, lakini walimhamishia chumba cha nyuma ofisini, kisicho na dirisha. Alikaa miaka miwili bila kutoa kiti nje. Mwaka wa tatu, siku moja, akamwambia mke wake, bila kumwangalia: "Panda sombe yako." Mama Kalenga alizoa kokoto kwa mikono, wiki tatu, nikamsaidia. Akachomeka vijiti. Mkono wake ule ule, udongo ule ule, alivyodhani. Majani yalitoka njano, yakajikunja, yakafa. Akachomeka tena mwaka uliofuata, yakafa. Vile vimaua vya buluu tu ndivyo vilivyostawi. Mume wake alileta mawe na mimi nilileta beseni. Tulishirikiana vizuri, mimi na Karani.

Tangu hapo Mama Kalenga alikodi kipande cha shamba Kasungami, mbali nje ya mji. Kwa miguu, alfajiri, jembe begani. Kurudi jioni, mzigo kichwani. Kwenye mvua, kwenye jua, hata na homa. Sahani yangu haikukosa kupita juu ya uzio. Nilimwambia apumzike, akasema watoto hawapumziki kula. Kifua kilimshika msimu mmoja wa mvua na hakikumwachia. Tulimzika, na Karani alisimama wima katika lile koti jeusi, bila machozi, na siku ile ningempiga kwa jembe.

Alihama. Sikumuona miaka mitano, na sikumtafuta.

Halafu sikukuu ya Watakatifu Wote nyingine ikafika. Nilikwenda makaburini kwetu, kwa weusi, kusafisha la mume wangu, ambaye naye alikuwa ametangulia. Kila kaburi lilikuwa na maua, ya kununua, ya karatasi, ya porini. Nikapitia la Mama Kalenga. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti pale, anapaka mawe chokaa. Tai shingoni. Na juu ya kaburi hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na sombe. Mistari minne, imenyooka kama daftari, mibichi, minene, imefika kiunoni.

"Karani," nikasema, "hii ni nini?"

Akainua kichwa. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Sombe."

"Naona. Juu ya sababu gani?"

"Alipendaka. Nilikata bijiti kule Kasungami, mu shamba yake."

"Na nani atakula? Muntu anakulyaka sombe ya kaburi?"

"Hapana ya kula, mama. Ya kuangalia."

Yo! Nilicheka, ndiyo, nilicheka pale pale kati ya wafu. Hata sombe! Hata sombe mtu huyu ameifanya pambo. Kisha kicheko kikanigeukia, nikawa napiga kelele, watu wakageuka kunitazama. "Ulimunyima akiwa muzima! Alitembeaka mupaka akafwa juu ya majani hii! Sasa unamupandia akiwa mu udongo, unakaa unaangalia? Weye ni muntu wa namna gani?"

Aliweka brashi ya chokaa chini, akaipangusa kwanza, sikuzote yuko vile. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamaliza.

"Na ile siku ya komisyon nilikuwa na beseni ingine. Safi. Nilikupa ya samaki makusudi."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Niko na pua, mama. Nilisikia harufu tangu asubuhi." Akafunika chokaa yake. "Nilikunyima ua ya mutoto."

Hatukuangaliana. Akainuka kwa shida, akishika msalaba wa mke wake, akaingia kati ya mistari yake. Nilidhani anatafuta magugu. Akashika kichwa cha shina la kwanza, pale juu penye majani machanga, akakivunja. Akavunja cha pili, cha tatu, akaharibu mstari wote wa mbele, mpaka fungu likamjaa kifuani, akaniletea.

"Twanga," akasema.

Niliondoka bila asante. Nyumbani nilitwanga, nikapika na mafuta ya mawese na kipande cha samaki wa Pweto. Agnesi, ambaye sasa ni mama wa watoto, alipojua imetoka wapi aliondoka mezani akifanya msalaba. Nikala peke yangu. Ilikuwa ni ile ile, iliyokuwa ikipita juu ya uzio. Ulimi uliijua kabla yangu. Nikalamba sahani, nikalia, nikamtukana Karani kwa jina lake la kweli, ambalo sitawaambia.

Kesho yake nilirudi makaburini na beseni. Lile safi.